Mama Sevinch Aweka Mkasi Chini

Baada ya miaka thelathini na minane ya kuwavika na kuwasuka wapiganaji wa ukoo wetu, Mama Sevinch anastaafu leo, siku ya kwanza ya kunyoa kondoo.

Alianza akiwa bibi harusi, akishona kofia ndefu za sufu zenye ncha. Baadaye akakabidhiwa kanzu za kupandia farasi, kisha vichwa vyenyewe: utosi unyolewe, misuko mitatu ishuke mgongoni. Sisi tuliofua vinyago vya chuma vya kukinga nyuso tulijua kazi yetu huonekana vitani tu. Yake ilionekana kila siku.

Alikuwa na mdomo. Iltok, mfupi kuliko wote kambini, alimwomba kofia ndefu zaidi.

“Mama, niongezee kidogo.”

“Nikuongezee kofia au miguu? Maana kofia ikizidi hapo, farasi atadhani umeshuka ukaacha hema mgongoni.”

Kambi nzima ilicheka, Iltok naye akacheka.

Kisha tukashindwa na jeshi la mfalme wa mjini katika vita vya kule ziwani. Waliorudi walikuwa wachache, na watu wa mfalme walikuja nyuma yao na amri: anayetaka kubaki katika malisho haya akate misuko, avae kama wao. Mkuu wetu aliinamisha kichwa. Kazi ikamwangukia Mama Sevinch.

Alikata kutwa nzima. Wa mwisho alikuwa Tolun, mwanawe wa pekee. Hakutaka kukaa.

“Mama, wenzangu wanavuka milima. Niache niende nilivyo.”

“Na mkeo? Na kichanga kile? Kaa chini.”

“Utanikata wewe, uliyenisuka?”

“Nataka ubaki hai karibu yangu. Kaa chini, mwanangu.”

Akakaa. Misuko ikaanguka. Tolun akajipapasa shingo, akainuka, asimtazame mama yake. Kabla ya theluji alitoroka usiku, kichwa wazi, akamwacha mkewe na mtoto. Hatujasikia habari zake tangu hapo.

Siku hizi vijana hununua mashati ya kubana mjini. Hakuna atakayeshika nafasi ya Mama Sevinch, kwa sababu nafasi yenyewe haipo tena. Hata mimi nafua majembe.

Asante, Mama, kwa kila mshono. Ulitufanya tupendeze tulipokuwa bado sisi. Nenda ukapumzike kwa mkweo. Maziwa ya farasi yasikupungukie, na mjukuu akuzoee. Zaidi ya hapo hatuna la kukuombea.