Shikamoo Waliyomnyima Bibi Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mnivumilie leo, maana nimesimama hapa na hasira, na Mungu anaijua.

Mimi ni mtoto wa hapa hapa Kisanga. Mdogo wangu Amosi aliugua tangu anatambaa: vidole vinavimba, macho ya njano, analia mifupa inauma. Baba akaenda kwa mganga, mganga akamtaja bibi, mama mzazi wa mama yangu. Kuanzia hapo mkawakataza watoto wenu kumwamkia. Mkasema akikuitikia marahaba, anakunywa damu yako. Mtu mzima, kichwa kizima mvi, anapita njiani hakuna wa kumpa shikamoo. Waliokataza wengine wamo humu, wanaimba kwaya.

Amosi wakamchanja chale, eti damu chafu itoke. Mtoto mwenyewe hana damu! Alifia mgongoni kwa bibi, wakienda hospitali, hata Mikumi hawajafika. Na msibani mkamfukuza bibi.

Ndugu zangu, nilisoma kwa uchungu huo. Leo nafanya utafiti wa seli huko Dar es Salaam. Natafuta kwa nini seli nyekundu ya damu, ambayo inatakiwa kuwa duara, inajikunja kama mundu na kuziba mishipa. Na hilo nalo mkasema nauza damu za watu.

Siku ya kwanza niliyoiona kwenye hadubini, nilitoka nje nikalia. Bibi hakuwemo mle. Ilikuwa seli tu. Hapo Bwana alinifungua. Woga wa uchawi niliolelewa nao ulinitoka na haujarudi.

Nikaja nyumbani nikamwomba baba akapime damu pamoja na mama. Aligoma, akanifokea, mwishowe akakubali ili kunikomesha. Majibu yalipotoka nilimkalisha nikamweleza: seli mundu mtoto anairithi kwa wazazi wote wawili. Anayeibeba kutoka upande mmoja haugui, ndiyo maana hakujua.

"Kwa hiyo na mimi nimo?" akauliza.

"Umo, baba. Sawasawa na mama."

Aliinuka pale pale. Kisha akavaa viatu, akaenda kwa mama mkwe wake peke yake. Waliyozungumza huko ni yao.

Namshukuru Mungu aliyeumba hizo seli akanipa macho ya kuzitazama. Mwenye mtoto anayelia mifupa, nakusihi, usimpeleke kuchanjwa chale. Mpeleke akapimwe, na umtumaini Bwana ukiwa hapo hapo kwenye foleni ya hospitali.

Sina mengi. Bibi ndiye yule wa benchi la mbele, mwenye kitenge cha kijani. Baba ndiye aliyemleta. Nashuka sasa, na sitaki makofi yenu. Njooni mmwamkie, mmoja mmoja, wazee wa kanisa watangulie. Ataitikia, na mtarudi nyumbani na damu yenu yote.