Wazimu wa Ibn al-Haytham

Kwenye basi la Al Quoz, huko Dubai, Mzee Msellem, mgane wa Kizanzibari, alimsikia jirani yake Dorah, mlinzi wa Kikenya, akijisomea hotuba ya darasani: mwanachuoni wa kale Ibn al-Haytham alijifanya mwendawazimu asije akauawa na mtawala wa Misri.

"Mwalimu anataka niitoe sehemu hii ya wazimu, eti namvunjia heshima mwanachuoni," Dorah akamwambia. "Siitoi!"

"Itoe, mwanangu. Wakubwa wa kazini walimnyima marehemu mke wangu likizo ya ugonjwa mpaka akafa. Wewe watashindwa kukunyima cheti cha masomo?" Alimkazia macho kana kwamba Dorah ndiye mkubwa mwenyewe. "Mwanachuoni alijifanya kichaa, nawe jifanye umesahau."

Dorah akacheka. "Wacha, mzee! Yeye alikuwa anaokoa shingo. Mimi ni cheti tu."

Basi likasimama Bur Dubai. Dorah akashuka na kurasa zake zote.