Mlango Hausubiri

Basi lilikuwa bado linateremka kilima jijini Busan, Korea, kwa kasi, lakini Bibi Ok-bun alishanyanyuka kuwahi mlango. Tangu enzi za makondakta, wenye mabasi wamekuwa wakibana dakika, na wazee ndio wanaolipa kwa mifupa.

"Kaa, Bibi! Lisimame kwanza," alisema mwanafunzi mmoja, msichana aliyefungwa plasta ngumu kwenye mkono uliovunjika.

"Nikae nipitishwe kituo? Kwani wewe mkono ulivunjikia kitini?"

"Kwenye skuta ya umeme. Tulipakizana."

"Bila kofia ngumu?"

"Inaharibu nywele."

"Ehe! Mimi nyonga ilivunjikia humuhumu, nikiwahi mlango."

"Na bado unasimama!"

Breki zililia. Bibi alikumbatia nguzo. Mlango ukafunguka. "Upesi huko nyuma!" dereva alifoka. Bibi alitaka kushuka, ila vidole vilikataa kuiachia nguzo.