Bwana Kitenzi, Aliyetenganisha Kutibu na Kuponya

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, muuguzi na mwalimu wetu wa lugha, anayejulikana hospitali nzima kama Bwana Kitenzi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Wagonjwa watamkosa. Matangazo ya ukutani yatapumua, maana hakuna lililowahi kumaliza siku mbili bila kupitiwa na kalamu yake nyekundu.

Alianza kama muuguzi wa wodi ya kifua. Kwa kuwa Kiingereza chake kilinyooka, akapewa pia kazi ya kuwatafsiria madaktari waliotoka China. Mwaka wake wa nne, daktari mmoja mgeni alimwambia mke wa mgonjwa wa kifua kikuu, kwa Kiingereza, kwamba mumewe "cured". Bwana Kitenzi akatafsiri neno kwa neno: amepona. Mama wa watu akamshukuru Mungu, akakunja blanketi, akaondoka na mumewe. Dawa zikabaki kabatini.

Jioni ndipo daktari alipouliza mgonjwa wake yuko wapi. Kumbe alitaka kusema anamtibu. Katika lugha yao kutibu na kuponya huanzia neno moja, naye alikuwa ameokota la Kiingereza lisilo lenyewe.

Bwana Kitenzi alipanda baiskeli, akaulizia nyumba hadi nyumba. Alimkuta mgonjwa uani anapasua kuni, kikohozi kikimkatiza kila pigo.

"Shemeji, nisamehe," alimwambia yule mke. "Mumeo anatibiwa. Kupona bado."

"Si wewe uliyesema amepona?"

"Ni mimi. Nilipaswa kuuliza kwanza."

Mama alilichukua blanketi kwenye kamba, akamshika mumewe mkono. Miezi sita baadaye yule bwana alitoka wodini kwa miguu yake, safari hii amepona kweli.

Bwana Kitenzi hakumlaumu daktari. Alimwomba Jumanne inayofuata waketi kwenye stoo ya mashuka, wachambue vitenzi vya tiba kimoja kimoja. Wakaja wawili, wakawa tisa, na darasa halijafungwa tangu siku hiyo.

Mambo ya darasa hilo tunayajua, ukuta wa stoo ni mwembamba. Daktari aliyetafsiri "operate" akaandika kwamba "alimwendesha" mgonjwa kwa saa mbili, badala ya alimpasua, aliulizwa kama mgonjwa huyo anatumia petroli au umeme. Mwingine, aliposikia Waingereza "huvisha" kidonda, yaani hukifunga bendeji, aliuliza kwa unyenyekevu: shati au suruali? Mwalimu naye hakupona. Siku alipojaribu kusema "lala chali" kwa Kichina, darasa zima lilicheka hadi machozi, na mpaka leo hakuna aliyekubali kumwambia alisema nini.

Mwaka jana alipasuliwa ngiri na mwanafunzi wake wa zamani. Akiwa kitandani, aliendelea kumsahihisha sarufi hadi dawa ya usingizi ilipomfunga mdomo. Daktari anasema ndiyo mara yake ya kwanza kumaliza sentensi mbele ya mwalimu.

Kaka yetu, asante. Wagonjwa wengi wamemeza dawa sahihi kwa sababu hukuona haya kurudi kuuliza. Mkeo ametuonya kwamba nyumbani mwenye kusahihisha ni yeye. Tunakuombea afya njema, mchana mrefu wa kupumzika, na moyo wa kukubali masahihisho yake yote.