Kavindu Kiilu, Aliyesema na Ukuta

Wachungaji, wazee, akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, na nyinyi mliotoka Kyuso mkaja kuomboleza nasi, tumshukuru Mungu aliyetufikisha, sogeeni karibu tuwaambie huyu tunayemzika leo alikuwa nani, na maneno haya yametoka kinywani mwa dadake mkubwa, nyanya Muthoki, ambaye hakusoma lakini hasahau.

Marehemu Kavindu alizaliwa tarehe 12 Februari 1959 huko Kyuso, Kitui, mtoto wa tatu wa marehemu Nzau na marehemu Ndululu, wakati wa kuvuna ndengu, akaanza shule mwaka wa 1967, akasoma mpaka darasa la nne, halafu ukame ukamaliza mbuzi, karo ikakosekana, akarudi nyumbani akawa anauza ndengu sokoni na mamake, na hapo ndipo mdomo wake ulifunguka, maana mnunuzi akiinua gunia kidogo kwa goti ili mizani isome kidogo, alisikia kasauti ka msichana kakisema, "Baba, hilo goti linauma? Literemshe lipumzike," watu wanacheka, goti linashuka.

Alifunga ndoa tarehe 16 Agosti 1980 na marehemu Kiilu wa hapa Matiliku, aliyekwenda Kyuso kutafuta mbuzi akarudi na mchumba, wakajaliwa watoto watatu, Kasiva mwaka wa 1982, Nthiwa 1985, na Kaloki 1988, ambaye alizaliwa kando ya barabara, juani, mamake akiwa amelazwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, kwa sababu mahali pa kujifungulia palikuwa mbali, na tangu siku hiyo, hata baada ya Kiilu kututoka mwaka wa 2009, marehemu hakukosa kusimama katika kila baraza na kusema, "Mwanamke si mzigo wa mkokoteni, tuleteeni wodi."

Mwaka wa 2018 wodi ikakubaliwa, ijengwe kwa pesa za umma pale kwenye zahanati yetu, na baraza likamchagua marehemu kuongoza kamati ya wananchi, ile kamati ambayo ikikataa kazi mkandarasi halipwi, tukashangilia, halafu tukasikia mkandarasi ni Mulei, mume wa Kasiva, mkwe wake mwenyewe.

Mnajua heshima ya uthoni kwetu Wakamba, mama na mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani, sasa mama atamkagua mkwe namna gani, atamuuliza simiti iko wapi kwa mdomo upi, na wengine walicheka wakisema, "Kavindu amefungwa mdomo kwa kamba ya boma lake," naye alisikia, akakosa usingizi, kwa sababu alikuwa ameingia kwa hiyo wodi akakwaruza ukuta kwa ukucha, na ukuta ukamwagika kama unga.

Siku moja kabla ya ukaguzi Kasiva alikuja, akapiga magoti jikoni, akasema, "Mwaitu, mama yangu, ukikataa hiyo kazi mimi nitafukuzwa na watoto watabaki huko, nihurumie," marehemu akamjibu, "Nimekuhurumia tangu hujazaliwa, lakini hiyo nyumba ikiangukia mtu amelala na kichanga, mamake nitamwambia nini?", wakalia wote wawili mpaka uji ukaungua, na Kasiva akaenda bila kuaga.

Tarehe 14 Machi 2019 watu walijaa pale zahanati, wahandisi wapo, chifu yupo, Mulei amevaa suti, kila mtu anaangalia njia kama Kavindu atatokea, akatokea, akapita katikati yetu, akampa Mulei mgongo kama heshima inavyotaka, akauelekea ukuta, akasema nao kwa sauti, "Wewe ukuta si mkwe wangu, wewe nitakuuliza, ulilishwa simiti ama ulionyeshwa gunia tu?", watu wakacheka halafu wakakata kicheko, maana Mulei alikuwa amemgeukia chifu akimwambia, "Mwambie huyo mama aheshimu mkwe wake!", naye bila kugeuka akasema, "Mwambie mkwe sijamwona, mimi naongea na ukuta, na haujanijibu," akasukuma kwa kidole, kipande kikaanguka miguuni mwake.

Hapo Rahab Mukami, mwenye duka la nguo, mwanakamati aliyekuwa amewaahidi watu wa Mulei kwamba atatia sahihi, akasema, "Basi hata mimi sitii sahihi," na mwingine akasema hivyo, na mwingine, mpaka wakaisha.

Ukuta ulibomolewa, fundi mwingine akajenga upya, na wodi ikafunguliwa Novemba 2021, lakini marehemu alilipa, kwa sababu Mulei hakumfukuza Kasiva ila alimkataza kukanyaga hapa, na miaka ikapita mama anaisikia sauti ya mtoto wake kwa simu tu, na Mulei aliposhtakiwa mwaka wa 2023 kwa malipo ya kwanza aliyochukua ya simiti ambayo hakununua, hata simu ikanyamaza.

Oktoba 2024 figo zilianza kumsumbua, Nthiwa akampeleka Mutomo anakofanya kazi, akatibiwa katika hospitali ya misheni, na Aprili mwaka huu Kasiva aliingia wodini bila kumuomba mtu ruhusa, akachukua beseni akaanza kumuosha, marehemu akauliza, "Unaniosha na mimi nilikuvunjia nyumba?", Kasiva akasema, "Nyamaza unywe maji," na hakutoka kando yake mpaka tarehe 3 Juni 2025, saa kumi jioni, Bwana alipomchukua, kabla hajatoa ushahidi wake katika kesi ya Mulei.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mutomo, majirani waliochota maji na kupasua kuni, wanakamati wenzake, na kanisa.

Na Mulei, tumekuona pale nje ya ua, ingia, sahani yako ipo, wewe ni mkwe wa boma hili na hakuna atakayekufukuza, lakini usikie mbele ya watu hawa kwamba Alhamisi ijayo, tarehe 19, Rahab Mukami na kamati yote watakuwa mahakamani, mjini Wote, kusema yale marehemu angesema, na Kasiva ametuambia ataketi upande wao.

Kavindu, binti Nzau, pumzika sasa kwa amani ya Mungu, umesema ya kutosha, yaliyobaki tutayasema sisi.