Likizo Ishirini na Sita za Mzee Gidion Heche, Fundi wa Mahema

Mzee Gidion Heche anastaafu leo, Jumatatu tarehe 31 Machi 2025, akiwa ameitumikia kambi yetu miaka ishirini na saba kasoro miezi miwili. Hiyo miezi miwili iliyopungua ni likizo ya masika. Mimi nitaeleza sana habari ya hiyo likizo, maana mtu asiyeijua hawezi kusema anamjua Mzee Gidion.

Kwa ndugu waliokuja sherehe na hawajui kazi yetu: kambi ya Nyasi Ndefu iko mbele ya Kisaka, njia ya kwenda mbugani. Masika yakishika, barabara inakuwa uji, wageni hawaji, na meneja anafunga Aprili na Mei yote. Tunakunja mahema yote ila moja, namba saba, la mlinzi kulala, tunaagana, kila mtu kwao. Watu wa kazi nyingine wanatuonea wivu sana kwa hilo, na sisi hatuwakatazi.

Mzee Gidion alifika Juni 1998 kutoka Nyamwaga, na begi moja na sindano ya kushonea magunia. Alianza kama kibarua wa kuchimbia nguzo. Mwaka wa pili akawa fundi wa mahema, na hajabadilisha kazi tena. Amefundisha vijana kumi na wanne kushona turubai. Mwaka 2016 ulipopita ule upepo mkali, mahema yote yalisimama isipokuwa moja, la meneja wetu Vincent, ambaye alisema kamba zake atafunga mwenyewe. Tulilikuta juu ya mti, na suruali yake ya kulalia imening'inia kama bendera. Mimi ndiye niliyeifua, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Kuna na ile habari ya nyani. Walikuwa wamejifunza kufungua zipu na kuiba sabuni. Mzee Gidion akabuni kikulabu cha waya ambacho nyani hakiwezi. Kweli hawakukiweza. Mgeni wa hema namba saba naye hakukiweza. Alikaa ndani mpaka saa nne asubuhi anaita polepole kwa adabu, sisi tunapita tunasema huyu baba anapenda kusali.

Sasa turudi kwenye likizo.

Aprili 1999 Mzee Gidion alienda kwao mara ya kwanza, na akafanya kosa moja. Aliulizwa yuko nyumbani siku ngapi, akajibu ukweli: miezi miwili. Mama yake akafurahi, akatangaza. Kuanzia hapo ukoo mzima ukapanga maisha yake kwa likizo ya Gidion. Paa likivuja Agosti, wanaweka sufuria, wanasema tumsubiri. Ng'ombe akivunja zizi Desemba, anafungwa kamba kwenye mti, anasubiri naye. Baba yake mdogo, Mzee Zablon, aliumwa jino Novemba akalibeba na shavu lake mpaka Aprili, kwa sababu hakutaka kupelekwa hospitali na mtu mwingine.

Na harusi. Watu wote wanaoa wakati wa jua. Kwa akina Heche harusi ni Aprili, katikati ya mvua, kwa sababu mwenye kujenga turubai la sherehe ndiyo yuko likizo. Ukialikwa Nyamwaga na kadi imeandikwa Aprili, huna haja ya kusoma jina, chukua gambuti. Nimeona picha za mabibi harusi sita wa familia hiyo, na wote sita wameshika gauni juu kama wanavuka mto.

Niongeze tu kwamba watoto wanne wa mwisho wa Mzee Gidion wamezaliwa Januari na Februari. Meneja alishangaa. Sisi akina mama hatukushangaa.

Basi wenzake tulikuwa tukirudi Juni tumenawiri, mashavu yanang'aa. Yeye anarudi amekonda, suruali kaifunga kamba, kifua kinakohoa. Siku moja Vincent akamwuliza likizo ilikuwaje. Akajibu, "Nashukuru imeisha. Sasa naweza kupumzika." Halafu akabeba nguzo mbili begani akaondoka.

Mara moja alijaribu kutoroka. Ilikuwa 2011. Alituma habari nyumbani kwamba mwaka huo kambi haifungi, akabaki hapa na mlinzi. Alitoa kiti kimoja cha turubai cha wageni, akakiweka mbele ya hema namba saba, akageuza ndoo, akaweka miguu juu. Siku mbili na nusu. Siku ya tatu mkewe, Mama Rhobi, akatokea na bodaboda, tope mpaka kwenye kilemba. Hakugombana. Alimsalimia vizuri, akamwambia, "Baba Rhobi, harusi inakungoja. Na gambuti zako nimekuletea." Akainuka. Chai aliiacha nusu.

Hizo siku mbili na nusu ndiyo mapumziko yake yote katika likizo ishirini na sita. Nimezihesabu, na ninyi hesabuni.

Sasa mwezi uliopita nilikuwa nafua, Mzee Gidion akaja kusimama mlangoni. Akaniuliza, "Mama Awino, hii likizo ya kustaafu inaisha lini?" Nikamwambia baba, hiyo haiishi. Akakaa juu ya beseni la mashuka yangu masafi, na mimi sikumfukuza. Akanieleza kwamba kwao ratiba imeshabandikwa ukutani, mpaka mwaka 2027. Harusi tatu, banda la mbuzi, choo cha shangazi, na Mzee Zablon ameota jino jingine bovu.

Usingizi ulinipotea. Kifua chake nakijua. Jumapili ile nikafunga safari mpaka Nyamwaga, naogopa, maana kuingilia nyumba ya mtu si jambo dogo. Ratiba niliiona kwa macho yangu, imeshika ukuta mzima. Nikamweleza Mama Rhobi kama mama kwa mama, kwamba mumewe amechoka.

Akauliza, "Kumbe huwa anachoka?" Nikamwambia huwa. Akasema, "Mbona mimi nikimwuliza anajibu hamna shida, na anapanda juu ya bati?" Tukatazamana. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho na kanga, akasema ameolewa na mtu wa ajabu. Akachukua kalamu.

Makubaliano ni haya, nimeruhusiwa kuyatangaza. Kwa kuwa Mzee Gidion sasa atakuwa nyumbani mwaka mzima, harusi za akina Heche zitafanyika wakati wa jua kama za watu wengine. Aprili na Mei zimefutwa kwenye ratiba. Miezi hiyo atakuja kukaa hapa kambini kwa ruhusa ya Vincent, wakati hakuna mgeni, hakuna hema la kusimamisha, na hakuna shemeji. Ila mwaka huu Aprili haikufutika, kwa sababu Method, mtoto wa kaka yake, anaoa tarehe 12 na kadi zimeshagawiwa. Tumealikwa sote. Mnajua cha kuvaa.

Zawadi yetu wafanyakazi ni kiti cha turubai, kipya, kimeandikwa GIDION mgongoni kwa uzi mweusi. Mzee, usikipeleke nyumbani. Kule kitakaliwa na Mzee Zablon. Kitatunzwa stoo, na mgeni yeyote akikiomba ataambiwa kimevunjika.

Asante kwa kamba zote ulizotufungia na kwa kuwa kaka kwetu. Mungu akulinde, ule vizuri, sweta uvae hata kama hakuna baridi, na dawa ya kikohozi unywe mpaka chupa iishe, si mpaka ujisikie nafuu.

Tarehe moja Mei, sikukuu ya wafanyakazi, tutakuja siku hiyo moja tu kutoka makwetu kukusubiri mbele ya hema namba saba. Kiti kitakuwa nje na chai itakuwa imeshamiminwa. Ukikuta ndoo imegeuzwa hapo mbele, usiichukue kwenda kuchota maji. Ni ya kuweka miguu.

Everlyne Ochieng (Mama Awino)
Dobi, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Nyasi Ndefu