Usingizi Uliokuja kwa Miguu

Jioni ile kijiwe cha kona, kile cha ubavuni mwa banda la cherehani, kilikuwa kimejaa maneno, lakini furaha haikuwepo. Mchana walikuwa wametoka kumzika mama yake Fundi Cherehani. Na kaka yake Fundi, aliyepanda ndege mbili na kuvuka bahari kuja kumzika mama huyohuyo, alikuwa bado amelala chumba cha ndani, nyumba ya nyuma ya banda hilo, tangu alipofika alfajiri. Hakushika koleo, hakutia hata punje ya udongo. Fundi alikaa kajikunyata na kikombe chake. Wenzake, watu wasiojua kunyamaza hata msibani, walikuwa wanatafuta mkosaji.

— Kosa ni lake mwenyewe, alisema Teksi, ambaye kazi yake ni kupeleka watu uwanja wa ndege, basi anajiona rubani. — Ukishapanda tu, geuza saa yako iwe ya huko uendako. Kunywa maji, pombe usiiguse. Ukishuka, kaa nje upigwe na mwanga, usilale mpaka usiku. Yeye kashuka, kauliza kitanda kiko wapi!

— Hakuuliza, alisema Fundi. — Mimi ndiye niliyemwambia ajinyooshe kidogo.

— Nyie hamjui kitu, alidakia Redio, mzee anayerudia kila alichosikia redioni na kuongeza chumvi yake. — Mwili unakuja kwa ndege, usingizi unakuja kwa miguu. Saa hizi uko njiani huko, unauliza watu.

— Sasa mbona kalala, kama usingizi wake haujafika? aliuliza Teksi.

— Huo si wake! Kaazima wa abiria wa jirani!

— Basi angekaa kiti kinachotazama nyuma, auone unavyokuja. Mwenda pole hajikwai.

— Ndege inajikwaa wapi, wewe?

— Jamani, mtu kafiwa hapa, alisema Mama Kahawa, akimimina. Kisha akamgeukia Fundi kwa sauti ya chini. — Lakini mwanangu, mlimwamsha?

— Tulimtikisa, mama. Akafumbua macho, akaniita lile jina langu la utotoni, akasema anakuja. Akalala tena. Nikataka kumwagia maji.

Fundi alimtazama Redio. Redio akaangalia kikombe chake.

— Mimi nilisema tu, alinung'unika Redio. — Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Maneno ya wahenga hayo.

— We mzee! alifoka Mama Kahawa. — Hayo yanasemwa kwa mshindani wako! Akilala, unamwacha alale upate wewe. Nani kakwambia ni ya ndugu?

Teksi akakohoa. Fundi alihisi uso unamwaka. Asubuhi, methali ile aliipokea upesi mno. Gari lilikuwa linangoja, ni kweli, na watu walishaanza kuguna. Lakini moyoni alikuwa na kinyongo pia: yeye ndiye aliyemuuguza mama peke yake, akamgeuza kitandani peke yake, huku kaka akituma salamu. Alipofunga mlango wa chumba, aliufunga polepole, asimwamshe.

Mama Kahawa akainamisha birika. Yakatoka machicha matupu.

Ndipo mlango wa nyumba ukafunguka. Kaka akatoka, kanawa uso, kavaa shati jeupe ambalo Fundi alimshonea kwa kukisia. Mikono ya shati ilikuwa mifupi. Nje mwanga ulikuwa hafifu, wa kijivu.

— Poleni na msiba, jamani, alisema, akawapa wote mkono. — Afadhali nimedamka. Nilidhani usingizi utaniumbua.

Akaketi kando ya Fundi, akamshika bega.

— Mdogo wangu, tunamzika saa ngapi?

Teksi akamtazama Redio. Redio akainama, akaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Fundi akashika mkono wa shati la kaka, akauvuta ufike kiganjani.

Kaka hakuwaharakisha. Alitazama angani, akingoja kupambazuke.